Pikapu ya maziwa: betri mpya, stata ya pili, na bolti moja yenye matope

## Gari na kazi yake

Ni pikapu ya dizeli, gia za mkono, betri moja ya volti 12, na kwa umri wake ingeshapiga kura zaidi ya mara moja. Mwenyewe hukusanya maziwa ya wafugaji kwenye vijiji vya upande wa Rungwe. Saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe ameshawasha, na kabla ya saa tatu awe ameshusha madumu Uyole. Nitamwita Mzee. Anayeendesha ni kijana wake. Namba ya gari, kijiji na gereji zilizopita nimeziacha nje, na hazina kazi kwenye somo hili.

Huku juu tuko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni mpaka Agosti, dizeli iliyolala nje huamka na oili nzito kama uji wa jana. Stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, inahitaji nguvu nyingi zaidi kuliko mchana, na betri yenyewe kwenye baridi hutoa pungufu. Kila mtu Mbeya anajua hili, na kujua huko ndiko kulikotuchelewesha. Kuanzia Juni, gari lolote linalogoma asubuhi huambiwa ni baridi, au ni betri.

## Kabla halijafika kwetu

Mwezi Mei gari lilibadilishwa klachi. Tuliambiwa hilo baadaye sana, kwa sababu hatukuuliza.

Mwanzoni mwa Juni stata ikaanza kuzunguka kwa uvivu alfajiri. Saa nne, injini ikiwa ya moto, ilipiga bila shida. Mzee akashauriwa na fundi wa kwanza anunue betri. Akanunua kwa shilingi 280,000. Ikafanya kazi siku tisa. Siku ya kumi gari likaanza kutoa ule mlio wa haraka haraka, tik-tik-tik-tik, kama kuku anadonoa bati.

Jirani mmoja akasema ni hita plagi, vile vipasha joto vya kusaidia dizeli kuwaka. Niseme hapa ili tulimalize: hita plagi mbovu huifanya dizeli izungushwe sana bila kuwaka, au iwake kwa moshi na kutetemeka. Haiwezi kuizuia stata isizunguke. Hizo ni kesi mbili tofauti, na swali la kwanza kwa mteja siku zote liwe: inazunguka ila haiwaki, au haizunguki kabisa? Neno "haiwaki" limeshawagharimu watu fedha nyingi.

Fundi wa pili akashusha stata. Akaiweka chini, akaipa moto, yaani umeme, kutoka kwenye betri, ikazunguka vizuri. Hata hivyo akasema kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha, akafunga stata nyingine iliyokwisha kutumika kwa shilingi 180,000, na ile ya zamani ikabaki kwake kama sehemu ya bei. Gari likawaka siku nne, tik-tik ikarudi. Tangu hapo kijana akawa analaza gari kwenye mteremko, asubuhi analiachia, anaingiza gia ya pili, linawaka. Milima yetu ina faida zake. Hasara yake ni kwamba ukiwa na mteremko karibu unaweza kuishi na ugonjwa miezi.

## Siku ya kwanza kwenye karakana

Lilifika likiwa linaunguruma, limetoka kusukumwa. Mzee akashuka kabla sijamsalimia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Betri nimenunua, stata nimenunua. Sasa niambie cha kununua leo."

"Leo hatununui kitu kwanza. Usizime, nipime."

Nilianza na chaji kwa kuwa injini ilikuwa inawaka. Kwenye betri nikakuta volti 12.9. Altaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, ikiwa nzima inatakiwa iweke kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Nikiri kwamba hapo hapo mdomo wangu ulishaanza kutamka "altaneta". Ningekuwa fundi wa tatu kuuza kifaa. Kilichoniokoa ni uvivu: altaneta ya pikapu hii imekaa mahali pabaya, nikaona nimalizie stata kwanza.

Tukazima. Gia huru, breki ya mkono juu, kipande cha gogo nyuma ya tairi. Kijana akapiga stata: tik-tik-tik. Nikamwambia awashe taa kubwa, apige tena, mimi nimesimama mbele. Taa hazikufifia.

Hapo ndipo kisa kilipoanza kufunguka. Betri ikiwa dhaifu, ukipiga stata taa hulegea, wakati mwingine huzimika kabisa, maana stata inanyonya kila kilichopo. Hapa taa zilibaki nyeupe, maana yake moto upo kwenye betri ila haufiki kwenye stata. Kuna mahali njiani unazuiwa.

Nikaweka mita kwenye vichwa vya betri. Namaanisha kwenye risasi yenyewe, siyo kwenye kile kibano kinachoikamata. Gari limetulia: 12.5. Kijana anapiga stata: 12.1. Dizeli inayozunguka kweli wakati wa baridi hushusha betri nzuri hadi 10 na pointi, na ikifika chini ya 9.6 ndipo unaanza kuishuku betri. Kushuka volti 0.4 tu kunasema stata haipati ampea za kazi.

Kisha nikahamisha waya za mita: mmoja kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, juu ya bolti ya stata yenyewe. Kati ya hapo na pale hapatakiwi kuwa na volti za kuhesabika wakati wa kupiga, 0.2 naiacha, ikifika 0.5 nafungua nione. Kijana akapiga. Mita ikawa inarukaruka kati ya 4 na 8.

Kwa asiyezoea kipimo hiki: volti hizo ni zile ambazo stata ilipaswa kupewa, zimeliwa njiani upande wa athi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri. Waya unapotakiwa kupitisha ampea 200, ukinzani wa omu 0.01 tu unakula volti 2. Omu 0.01 hutaiona kwa mita ya kawaida. Ile mita ya kulia "piii" ukigusa ncha mbili italia kwa furaha. Taa ya testa nayo itawaka vizuri, maana inahitaji chini ya ampea moja, na hiyo hupita hata kwenye unyuzi mmoja uliobaki. Fundi wa pili alipima athi kwa testa na kuipasisha. Hakudanganya, testa ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko swali.

Kabla ya kufungua kitu nilifanya jaribio la mwisho, ambalo halihitaji hata mita. Nilichukua ule waya mweusi wa kuazimia moto, upande mmoja nikaukamatisha hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini. "Piga." Injini ikazunguka mzunguko mmoja na nusu, ikawaka. Mzee alicheka, kisha akanyamaza. Nadhani alikuwa anajumlisha 280,000 na 180,000.

## Tulichokuta

Kwenye pikapu hii hasi ya betri ina waya mbili. Mwembamba unakwenda kwenye bodi, ndiyo maana taa hazikufifia. Mnene unakwenda kwenye gia boksi, na huo ndio njia ya stata. Bolti yake ilikuwa imekazwa, mtu akiitikisa haichezi. Tulipoifungua tukakuta chini ya kichwa cha waya tabaka la matope yaliyokauka, kutu, na alama ya gundi ya gasketi. Kuna mtu aliifungua, akashusha gia boksi, akairudisha bila kufuta.

"Gari lilifanywa nini mwisho, kabla ya shida?" ndipo nikauliza, saa moja na nusu nimechelewa.

"Klachi," kijana akasema. "Na tangu hapo waya wa mafuta umekuwa mgumu. Nilidhani ni baridi."

Wa mafuta anamaanisha waya wa eksileta. Tukautoa kwenye ganda lake: plastiki ya ndani imeyeyuka nusu. Kile kiunganishi cha wavu kati ya injini na bodi kilikuwa kimekatika siku nyingi. Kwa hiyo athi kubwa ilipozibwa, ampea za stata zikatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, zikaipata kwenye waya mwembamba wa chuma unaounganisha injini na pedali. Kila alfajiri walikuwa wanaupasha moto kama jiko la koili. Na altaneta nayo hupitisha athi yake kwenye injini hiyo hiyo, ndiyo sababu ya zile 12.9. Ilikuwa nzima. Betri mpya ilikufa njaa siku ya kumi kwa sababu ilikuwa hailishwi sawasawa.

Tulisugua gia boksi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukaweka waya mpya mnene wenye kichwa kilichobanwa vizuri, tukarudisha kiunganishi cha bodi, tukapaka grisi juu baada ya kukaza, siyo kabla. Waya wa eksileta ukabadilishwa. Vipimo vipya: betri ikishushwa na stata 10.6, upande wa athi 0.15, chaji 14.2.

Saa tatu na robo. Simu ya Mzee inaita, wanunuzi wanauliza maziwa. Nikamwachia aende.

## Wiki mbili baadaye

Akapiga simu kutoka kituo cha kukusanyia, mahali tambarare. Safari hii mlio ulikuwa mwingine: "tok" moja nzito, kimya. Anarudia, tok. Mara ya sita inazunguka kwa nguvu zote kana kwamba haikuwahi kuumwa.

Milio hii ina lugha yake. Tik-tik ya haraka ni moto unaokuja na kukatika: solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inavuta, stata inataka ampea, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, volti zinarudi, inavuta tena. Tafuta betri iliyolala au njia chafu. Tok moja ni solenoidi imevuta na kushika, lakini moto mkubwa haukuvuka kwenda kwenye mota, au umevuka na mota imekwama. Kimya kabisa ni upande wa swichi, fyuzi au rilei, au kile kiswichi cha klachi au cha gia kwenye magari yanayokuwa nacho.

Safari hii nilipima vituo vya stata yenyewe. Kwenye stata nyingi za Kijapani kile kinacholetewa waya mnene wa betri huitwa 30, kile chembamba cha amri kutoka kwenye swichi ni 50, na kile kinachoingiza moto kwenye mota ni C. Tok ikilia, 30 ilikuwa na 12.3, 50 ilikuwa na 11.2, C ilikuwa na sifuri. Amri inafika, moto unafika, ndani hauvuki. Nikapima athi tena kwa wasiwasi wa nafsi yangu, ilikuwa safi.

Tukaondoa hasi ya betri kwanza, kisha tukashusha stata. Mtu asiruke hatua hiyo. Waya wa 30 una moto hata ufunguo ukiwa mfukoni, na spana ikigusa bodi utaona jua dogo. Nyuma ya stata za aina hii kuna kifuniko cha duara chenye skrubu tatu. Ndani kuna kopa mbili, na kisahani cha shaba kinachorushwa kuziunganisha. Kopa ya upande wa betri ilikuwa imeliwa ikabaki kama mwezi mwandamo. Kisahani kilikuwa kinagusa upande mmoja, upande wa pili kinaning'inia. Kikitua vizuri injini inazunguka, kikitua vibaya unapata tok.

Kopa mbili mpya, shilingi 15,000. Kisahani nilikisawazisha kwa tupa laini. Kaboni za stata hii zilikuwa bado ndefu. Baada ya kufunga, nilipima upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri mpaka C, injini ikizungushwa: 0.3. Chini ya nusu volti kwa njia yote hiyo ni nzuri.

## Matokeo

Tangu hapo imepita misimu miwili ya baridi bila kulazwa kwenye mteremko. Betri ile ya Juni ndiyo inayotumika hadi leo. Jumla aliyotumia Mzee kwetu, pamoja na waya wa athi, waya wa eksileta, kopa na ufundi, haikufika nusu ya bei ya stata aliyouziwa.

## Kilichofaa

Kupima wakati kazi inafanyika. Volti 12.5 za gari lililotulia hazikuwa na habari yoyote ndani yake. Habari zote zilitoka kwenye zile sekunde mbili tatu za kupiga stata. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja kwenye ufunguo na mmoja kwenye mita, na labda ndiyo sababu mafundi wengi tunaikwepa tukiwa peke yetu.

Kuacha kushusha stata siku ya kwanza pia kulifaa. Stata hii hutolewa ukiwa umelala chini, mgongo kwenye udongo wa Uyole, saa nzima. Kupima kulichukua dakika kumi. Isitoshe, stata iliyolazwa chini inazunguka bila mzigo, inakula sehemu ndogo tu ya ampea inazokula ikibeba injini, kwa hiyo hata stata mbovu inaweza kukuridhisha pale. Jaribio la fundi wa pili lilikuwa limeshampa jibu, ila alilisoma kinyume: stata ikizunguka chini na ikigoma kwenye gari, la kwanza kulitilia shaka ni gari.

## Kilichotuponza

Baridi ilituponza sote. Dalili ya "asubuhi inagoma, mchana inawaka" ilichukuliwa kuwa ushahidi wa betri, wakati inalingana na athi mbovu vilevile. Oili nzito inadai ampea nyingi, na ampea zikizidi, volti zinazopotea kwenye kutu zinazidi kwa kiwango hicho hicho. Mchana injini nyepesi inadai kidogo, hasara inapungua, stata inazunguka. Baridi haikuleta ugonjwa, iliukuza tu ukaonekana.

La pili ni langu. Siku ya kwanza nilipima upande wa hasi na kuuponya, gari likawaka, nikafunga boneti. Upande wa chanya sikuugusa. Ningeupima mara tano sita siku ile huenda kopa ingejionyesha, na Mzee asingekwama na madumu juani. Simu ya wanunuzi ilikuwa inaita, lakini kipimo chenyewe kingekula dakika tatu. Ukweli ni kwamba nilishajiona mjanja kwa kuipata athi, na sikuwaza kwamba gari moja linaweza kuwa na makosa mawili kwenye njia moja. Tena la pili lilikuwa limeingizwa na matibabu: stata ya mtumba ilikuja na kopa zake zilizochoka. Siku hizi gari likifika na kifaa kilichobadilishwa karibuni, hicho nakipima kama mtuhumiwa, hata kama wamekiita kipya.

Na swali la klachi lilipaswa kuwa la kwanza baada ya salamu. Kijana alikuwa na jibu la klachi na la waya mgumu wa mafuta mdomoni muda wote, hakuna aliyemuuliza. Tulizungumza na Mzee kwa sababu ndiye mwenye fedha, dereva akaachwa anashika ufunguo.

Mzee alirudi kwa yule fundi wa pili kuidai stata yake ya kwanza. Akaambiwa ilishafungwa kwenye gari linalopanda Chunya, na kwamba inapiga vizuri sana.